Kitambaa Juu ya Chungu cha Chachu

Tanuru la misheni lilichimbwa ndani ya kichuguu kikubwa nyuma ya ghala, na aliyenifundisha kulitumia alikuwa mke wa mmisionari. Watu wote pale kilimani walimwita Bibi. Mimi nilimwita kwa nadra, maana nilikuwa mtu wa kusikiliza. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kurudi nyumbani Maretadu kuchunga mbuzi wa mama, kisha mchungaji wetu akaniombea kazi kwa Bibi. Alimwambia mama kwamba kijana asiyesema ovyo anafaa kukaa karibu na chakula cha watu.

Mama alicheka. "Mchungaji, huyu hasemi ovyo kwa sababu hasemi kabisa."

Kazi ya mikate niliipenda kwa sababu haihitaji maneno. Unajaza kuni tanuruni, unaziacha ziwake mpaka kuta za ndani zinageuka nyeupe, kisha unakokota makaa nje kwa jembe kuukuu na kupangusa sakafu kwa matawi mabichi. Unatupa unga kidogo ndani. Ukiungua mara moja, unangoja. Ukigeuka kahawia taratibu, unaingiza mikate. Tuliioka katika makopo yaliyokatwa kutoka kwenye madebe, ikaenda kwa wagonjwa wa zahanati, nyumbani kwa Bibi, na Jumapili kanisani, ambapo baada ya ibada kila mtu alipata kipande na chai.

Unga ulitoka dukani Dongobesh. Hamira hatukununua. Tulikuwa na chachu ndani ya chungu kidogo cheusi, Bibi aliianza mwenyewe kabla mimi sijafika. Jioni niliilisha unga na maji, asubuhi nikachota sehemu na kuacha sehemu, kwa hiyo ilikuwa ile ile siku zote. Kilichoumua mkate wa leo ndicho kilichoumua mkate wa mwaka jana. Juu ya chungu nililaza kitambaa cha gunia la unga, kwa sababu ya nzi na kwa sababu ya baridi. Huku kwetu wakati wa baridi chachu hulala kama ng'ombe mgonjwa, usipoifunika haiamki.

Naeleza mambo ya chungu na kitambaa kwa sababu shida yangu ilipitia hapo.

Kila asubuhi binti mmoja alileta maziwa jikoni. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya korongo, si mbali na misheni, na tulikuwa tumekaa pamoja katika darasa la ubatizo, yeye upande wa wasichana, mimi upande wa wavulana, karibu na mlango. Alikuwa mwepesi wa maneno. Alipoona siongei, aliongea kwa niaba yangu.

"Shikamoo utampa mama wa maji," alisema siku moja huku akinipa kibuyu. "Mimi nipe habari za asubuhi tu. Hata hiyo huwezi? Basi nitajijibu. Nzuri, dada, ahsante kwa maziwa."

Mama wa maji alikuwa mwanamke mtu mzima aliyechota maji ya jikoni kwa madebe. Alinipenda, na aliniita bwana arusi tangu siku aliyoniona nikipokea kibuyu kile kwa mikono miwili.

"Bwana arusi," alisema, "mwenzio ameondoka. Unaweza kupumua sasa."

Nilimpa binti yule ncha ya mkate, sehemu ngumu ya mwisho, maana alisema ndiyo anayoipenda. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu. Lakini moyoni nilikuwa nimeazimia kwamba mavuno yakiisha nitamwomba mjomba wangu aende kwao na kuniombea. Baba yangu alikuwa amefariki, na mjomba ndiye aliyesimama mahali pake. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwa ajili ya jambo hilo kila nilipokuwa nikikanda, kwa sababu wakati huo mikono ina kazi na hakuna anayenitazama.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, mdogo wa mwisho wa binti yule alishikwa na homa akafa. Mtoto huyo alikuwa bado ananyonya.

Kwetu kifo cha namna hiyo hakiishii kaburini. Nyumba nzima inaingia katika hali tunayoiita metimani. Watu wake hawaingii kwa wengine, hawachoti maji pamoja na wengine, hawaombi moto kwa jirani wala jirani haombi kwao. Njia ya kwao inalazwa tawi la miiba ili mpita njia ajue. Unaweza kuwapa kitu kwa kukiweka chini na kuondoka. Cha kwao hakirudi kwako. Kikirudi, umeingia nao, wewe na kila mtu anayekula kwako, na wanaoumia kwanza ni wenye mimba na watoto wachanga. Hukaa hivyo miezi mingi mpaka wazee waseme imetosha. Hakuna anayewachukia. Wao wenyewe hujitenga kwa bidii kuliko wanavyotengwa, kwa kuogopa kuua mtoto wa mwenzao.

Katika darasa la ubatizo mchungaji alitufundisha kwamba mambo hayo hayana nguvu juu ya mtu wa Kristo. Niliitikia amina pamoja na wenzangu. Lakini mke wa kaka yangu alikuwa na mimba, ya kwanza kukua kiasi hicho baada ya mbili kuharibika, na tulikula naye chungu kimoja. Amina yangu ilipofika nyumbani na kumkuta amekaa mlangoni ameshika tumbo, ilikuwa ndogo sana. Nilikuwa na hofu ya namna mbili. Niliogopa metimani, na niliogopa kwamba kuiogopa ni dhambi.

Maziwa yalikoma. Jumapili ile familia yao ilikuja ibadani, lakini walikaa nje ya ua wa kanisa, kwenye mteremko, mahali ambapo wimbo unafika na pumzi za watu hazifiki. Mchungaji alitoka akawaita waingie. Mama wa yule binti alitikisa kichwa. Baba yake hakuwapo, alikuwa kwenye mashamba ya ngano ya Wazungu, na habari za msiba zilikuwa bado njiani kumfuata.

Baada ya hapo nikaanza kupeleka mkate. Niliufunga kwa majani mapana, nikavuka korongo, nikauweka juu ya jiwe upande wangu wa tawi la miiba, nikakohoa.

"Nani?" Sauti ya yule binti ilitoka nyuma ya ukuta wa ua.

Nikakohoa tena.

"Ah, ni wewe. Wengine huita. Mama anasema Mungu akubariki. Anasema pia rudi nyuma, unakanyaga majivu yetu."

Niliruka kama niliyekanyaga nyoka. Nilimsikia akicheka, kisha nikasikia kicheko kikigeuka kuwa kitu kingine, nikaondoka.

Nilikwenda hivyo mara nyingi. Jikoni mama wa maji alijua na hakunizuia, kwa sababu kuweka chini na kuondoka si kosa. Alisema tu, "Macho yako yakae kwenye majani, bwana arusi. Kitu chochote cha kwao ukikiona, hukukiona."

Siku moja mvua isiyo ya msimu ilinyesha tangu asubuhi. Majani yote yalikuwa yanachuruzika maji. Nilichukua kitambaa cha chungu, nikafunga mkate ndani yake, nikafunika chachu kwa sahani. Kitambaa nilikuwa nimekitoa, sikutegemea kukiona tena. Magunia ya unga yalikuwepo.

Nilipokwenda tena nilikikuta juu ya jiwe. Kilikuwa kimefuliwa kikawa cheupe kuliko nilivyokipeleka, kimekunjwa vizuri, na tundu lililokuwa pembeni limezibwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo, ile ambayo Bibi aliwafundisha wasichana. Hakuna aliyekuwa uani. Niliweka mkate. Nilisimama nikiutazama ule uzi. Yeyote wa kwetu angejua kwamba kitu kile kimewekwa pale kitazamwe tu. Mimi pia nilijua, tangu utotoni nilijua. Lakini niliona ni mara ya kwanza mtu amenijibu kwa lugha yangu mwenyewe, kwa kazi ya mikono bila neno, na furaha ikanipofusha. Nilikitia ndani ya shati. Jioni, bila kufikiri, kama nilivyofanya kila jioni, niliilisha chachu nikalaza kitambaa juu yake.

Nikaoka asubuhi iliyofuata, na iliyofuata tena, na Jumapili.

Aliyekiona ni mama wa maji. Alikuwa akimimina maji kwenye mtungi karibu na meko, akageuka.

"Kitambaa hiki kilikuwa na tundu."

Nilikuwa nakanda. Niliendelea kukanda.

"Bwana arusi, nasema na wewe. Huu uzi umeshonwa na nani?"

Sikujua kusema uongo, na ukweli haukutoka. Nadhani uso wangu ulijibu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Aliangalia madebe yake, akayapindua moja baada ya jingine, maji yakatiririka mpaka miguuni pangu.

"Wajukuu wangu wamekula mkate huu," alisema. "Jumapili niliwabebea mwenyewe, ndani ya kanga yangu." Hakuniita bwana arusi. Hakuniita chochote. Alitoka, na sikuwahi kumsikia akitembea haraka hivyo.

Siku zile watu walikuwa wanachimba matuta mlimani kwa amri ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, wanaume na wanawake kutoka kila upande wamepangwa mistari, kwa hiyo habari haikuhitaji miguu. Ilipita kutoka jembe hadi jembe. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kumwaga uji, na chungu alichokuwa akipikia kilikuwa nje, kimevunjwa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau." Alirudia neno hilo kama anayeonja kitu kichungu. "Wenzako husahau kufunga mbuzi." Kisha akashusha sauti, kwa sababu mke wa kaka yangu alikuwa ndani. "Mimi nimebatizwa kabla yako. Najua yote anayosema mchungaji. Lakini nimezika mimba mbili za huyu mkwe kwa mikono yangu. Usiniambie nisiogope."

Sikumwambia. Nilibaki uani. Kutoka ndani shemeji yangu alisema, "Shemeji, mbona huingii?" Hakuwa ameambiwa. Nilikwenda kufunga mbuzi.

Bibi alipoambiwa hakukasirika. Alikuja jikoni, akatazama chungu, akatazama kitambaa, akanitazama mimi kwa huruma. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba Sikukuu ya Mavuno imekaribia, watu wengi watakuja, na hapendi chakula cha Bwana kilete ugomvi. Jambo lilikuwa rahisi. Nimwage chachu, nivunje chungu mbele ya watu, naye ataagiza hamira ya kopo kutoka Arusha. "Ni unga na maji tu," alisema. "Tutaanza upya."

Niliitikia, "Ndiyo, Bibi." Kila mtu alifurahi. Hata mchungaji, ambaye alihubiri vizuri kuliko wote dhidi ya hofu hizo, alinishika bega akasema labda ni busara kwa ajili ya walio dhaifu.

Lakini nilipobeba chungu kwenda nacho shimoni nilikuta kwamba siwezi. Chachu ilikuwa imeumuka, imejaa viputo, inanukia kama siku zote. Nilifikiri hivi: nikiimwaga mbele ya watu, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba kilichotoka kwake ni uchafu. Mimi husema kwa mikono, na kila mtu anajua hivyo. Baada ya hapo nitamtuma mjomba akaombe nini? Na nisipoimwaga, hakuna atakayekula, mama hatanipokea, na kama mimba ya shemeji ingeharibika ningekuwa mimi niliyeiharibu. Nilirudisha chungu mahali pake. Nilijaribu kuomba, nikakuta hata kwa Mungu sina neno.

Nilivuka korongo bila mkate. Nilikohoa. Binti alitokea haraka na kusimama mbali, upande wake wa tawi, na mama yake nyuma yake. Walikuwa wamekwisha kusikia. Wachungaji wa mbuzi walikuwa wamewapigia kelele kutoka ng'ambo.

"Wewe ni mjinga kiasi gani?" alisema. Alikuwa analia kwa hasira. "Nilikiweka uone kwamba nimekifua! Uone tu! Mtoto wa kwetu gani anayechukua kitu juu ya jiwe lile?"

"Mwanangu," mama yake alisema kwa sauti ya chini, "kimwage hicho chungu. Leo hii. Nina mtoto kaburini. Sitaki wa mtu mwingine."

"Nilitaka kumtuma mjomba," nilisema.

Mama yake alimshika binti mkono.

"Mjomba kufanya nini?" binti aliuliza.

"Kukuomba. Baada ya mavuno."

Alifuta uso kwa mkono. "Unaniambia leo? Mama yako amevunja vyungu, kanisa zima halitaki kunisikia, na wewe unaniambia leo?"

"Ndiyo."

"Basi imwage. Imwage, watu wapate kula, wakutazame tena kama mtu. Mimi nitangoja mpaka tawi liondolewe."

Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele yake. "Nikiimwaga leo, halafu siku nyingine mtoto wetu akaugua, na watu wakasema ni damu ya nyumba ile, nitamwaga nini siku hiyo?"

Mama yake alikaa chini pale pale aliposimama, akafunika uso. Niliona kwamba ninawaogopesha zaidi ya walivyokuwa wameogopa, nikarudi.

Jumapili ya Mavuno kulikuwa na ukungu mpaka saa za ibada. Nilikuwa nimeoka mikate mingi. Bibi aliiona, na aliona chungu bado kipo mekoni. Hamira yake ilikuwa bado haijafika, na nadhani aliamua kuliacha jambo mikononi mwa Mungu. Watu walileta mahindi, maboga, maharage, wakaweka mbele ya madhabahu. Waliimba. Baada ya baraka tulitoka uani, na pale mezani kulikuwa na chai na mikate iliyokatwa.

Walichukua chai. Mikono ilifika mezani, ikachukua kikombe, ikarudi. Mkate haukuguswa. Watoto walionyoosha mikono walivutwa nyuma. Mvuke wa mikate ulikuwa bado unapanda, na katika ua ule wote sauti iliyosikika ni ya watu wanaokunywa. Mchungaji alichukua kipande. Alikula, akameza kama anayemeza dawa, na mke wake alitazama chini.

Mama yangu alisimama karibu na lango pamoja na kaka na shemeji. Alinitazama. Nilielewa alichosema: ukipita hapo, hupiti tena kwangu.

Nilichukua mkate mzima. Sikuwa jasiri, nataka ieleweke. Nilikuwa nikisema ndani yangu, Bwana, kama ni kweli inaua, iniue mimi peke yangu. Nilipita katikati ya watu, wakaachana kunipa njia pana kuliko niliyohitaji. Nilitoka nje ya ua mpaka mteremkoni walikokaa yule binti na mama yake.

"Weka chini, mwanangu," mama yake alisema. "Weka hapo, nenda."

Sikuweka chini. Nilimnyooshea binti mkate. Aliupokea, kwa sababu kupokea si kosa. Kisha nikabaki nimesimama, mkono wangu uko wazi mbele yake.

"Unajua unachoomba?" alisema, karibu bila sauti.

Niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Alimgeukia mama yake. Mama yake alifumba macho. Binti alivunja ncha ya mkate, ile ngumu, na alipoiweka katika kiganja changu vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya korongo. Nilikula. Ulikuwa mkavu, nikashindwa kuumeza kwa muda mrefu, na watu wote walinitazama nikitafuna.

Nyuma yangu nilisikia kikombe kikianguka. Nilipogeuka, mama alikuwa tayari njiani, amemshika shemeji mkono, anamvuta kama mtu anayemwokoa na mafuriko.

Kuanzia siku ile nililala ghalani, kati ya magunia. Hakuna aliyenifukuza. Watu waliacha kuja tu. Hamira ya kopo ilifika, na Bibi akasema yawe madonge mawili, la chungu nikilikanda mimi, la kopo akilikanda yeye mwenyewe. Wagonjwa waliuliza, "Huu ni wa kopo au wa chungu?" kabla ya kupokea. Wa chungu tulikula mimi, Bibi, mchungaji, na nyumba ng'ambo ya korongo.

Sijui niseme nini juu ya wakati ule isipokuwa kwamba niliogopa mchana kutwa. Mtu yeyote aliyepanda kilima akikimbia, nilijua anakuja kuniambia kuhusu shemeji. Mwanamke akilia zahanatini, niliacha unga nikatoka kuangalia ni nani. Nilimwambia mchungaji kwamba imani yangu imekufa, maana mtu wa imani asingeogopa hivi. Alinisikiliza, akasema, "Na bado hujaimwaga." Sikupata faraja kubwa hapo, lakini nilirudi kukanda.

Shemeji alijifungua wakati mashamba yameanza kuandaliwa tena. Habari alileta mama wa maji. Alisimama mbali, nyuma ya rundo la kuni.

"Ni mvulana," alisema. "Mdogo. Lakini amelia. Amelia kwa nguvu, bwana arusi."

Nilikaa chini kwenye majivu.

Baadaye mama alikuja. Naye hakufika jikoni, alisimama pale pale nyuma ya kuni. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usifikiri nimekuja kukuambia hapakuwa na kitu," alisema. "Mtoto bado ananyonya. Mpaka aache ziwa mimi sitalala." Alivuta kanga yake. "Mjomba wako amekataa kwenda. Anasema haombi mke kwenye tawi la miiba. Basi nitakwenda mimi. Nimechoka kusikia watu wakisema mwanangu anakula nje kama mbwa. Kama mtakula pamoja, mle kwa ndoa."

Nilimfuata kwa nyuma, mbali kidogo, kama alivyotaka. Hakushuka korongoni. Alisimama ukingoni upande wetu, akaweka mikono mdomoni.

"Habari za huko, mama!"

Ilichukua muda. Kisha sauti ikajibu kutoka uani kwao. "Nzuri! Nani?"

"Mama wa huyu wa mikate!"

"Huyo asiyeongea?"

"Ndiye! Siku hizi ameanza, na ndiyo shida yenyewe!"

Wachungaji wa mbuzi waliokuwa korongoni waliinua vichwa.

"Nina neno! Lingesemwa ndani, tumekaa, lakini kwenu siingii!"

"Usiingie!" Mama wa binti alikuwa ametoka sasa, amesimama nyuma ya tawi. "Mjukuu wako hajambo?"

"Hajambo! Ananyonya!"

"Basi simama huko huko! Usisogee hata kidogo, mwenzangu!"

Mama alikaza kanga yake kiunoni. Alipoanza tena sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Namtaka binti yako kwa kijana wangu! Tawi likiondolewa, nitakuja na watu, nitakuja na pombe ya asali, tutakaa vizuri! Leo nataka kujua tu!"

"Baba yake yuko mashambani!"

"Atarudi! Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema aulizwe mwenyewe!"

Binti alitoka, akasimama kando ya mama yake. "Nimesikia!" alipiga kelele. "Watu wote mpaka Dongobesh wamesikia!"

"Basi jibu, mwanangu!"

"Aseme yeye! Namwona hapo nyuma yako! Aseme yeye!"

Wachungaji walicheka, mmoja akapiga mluzi. Mama aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Nilisogea mpaka ukingoni, nikaogopa kwamba sauti haitatoka, kisha nikaogopa kwamba itatoka.

"Nakutaka!" nilisema.

"Sisikii!"

"Nakutaka uwe mke wangu!" Sauti yangu ilivunjika katikati kama ya mvulana, na bonde likairudisha.

Hakutania. Alisema kwa nguvu, "Ndiyo!" na akaingia ndani upesi, na mama yake akabaki akipunga mkono, akipunga, kama anayemsindikiza mtu aondoke salama.

Wachungaji walipiga vigelegele vya mzaha. Mama hakucheka. Alikuwa ameelekea upande wa nyumbani, amekaza shingo anasikiliza, kwa sababu upepo ulikuwa unaleta kilio cha mtoto, au cha mbuzi, haikujulikana. Akaanza kutembea haraka, na mimi nikafuata kwa mbali, nikiomba.